Tukiazimana Gari, Nani Abebe Mzigo?



Katika ushirika wetu hapa Uingereza, gari ni la mtu mmoja lakini wanaolihitaji ni wengi. Mgeni anatua Heathrow na masanduku matatu. Kuna msiba Coventry na nafasi zimejaa. Dada aliyepata kazi ya kutunza wazee majumbani anatakiwa awe mlangoni kwa mzee wa kwanza saa moja asubuhi, na basi la alfajiri halipiti mtaani kwake. Ndipo ufunguo unapotoka mkono huu na kuingia mkono ule, mara nyingi nje ya ukumbi baada ya ibada, na maneno yanayosemwa ni machache: "Chukua tu, utarudisha kesho."

Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Ni mojawapo ya mambo mema tuliyokuja nayo kutoka nyumbani, na wengi wetu tusingefika tulipo bila hilo. Swali letu Jumapili hii ni lingine. Anayempa mwenzake gari bila kuuliza habari za bima, je, amempenda, au amemtwika mzigo asioujua? Na yule anayeuliza, je, amemdharau ndugu yake?

Jibu letu ni kwamba kuuliza ni sehemu ya upendo, na wa kwanza kuuliza anapaswa kuwa mwenye gari. Tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini.

Nyumbani kibandiko, huku jina

Wengi wetu tulikulia mahali ambapo bima ilikuwa kibandiko kwenye kioo cha mbele. Kenya au Tanzania, askari wa barabarani alitazama kibandiko, akatazama leseni, gari likapita. Mikataba mingi ya magari binafsi kule humkubali dereva yeyote mwenye leseni halali aliyeruhusiwa na mwenye gari. Ndugu zetu walioko Marekani nao wakitupigia simu hutuambia kwamba kwao, kwa kawaida, bima hufuata gari, ingawa kila jimbo na kila kampuni ina masharti yake. Kwa hiyo anayefika hapa huamini kwamba gari lenye bima lina bima, awe nani aliyeshika usukani.

Uingereza haiko hivyo. Hapa mkataba wa kawaida humtaja dereva kwa jina. Kama jina lako halimo, na huna bima nyingine inayokugusa, basi gari lile ukiliendesha wewe halina bima, hata kama mwenyewe ametoka kulipia jana. Linalowachanganya watu ni kwamba hata kamera za polisi zikisoma namba za gari, zitaonyesha kwamba bima ipo, kwa sababu ya mwenyewe ipo kweli. Tatizo hujulikana askari anapolisimamisha gari na kuuliza jina la dereva. Au hujulikana baada ya ajali.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Barabara ya mwaka 1988, kifungu cha 143. Kifungu hicho hakimgusi dereva peke yake. Kinamgusa pia aliyemruhusu. Na neno "sikujua" halimwokoi mtu: aliyedhani kwa moyo mweupe kwamba rafiki yake ana bima bado ana kosa. Dereva anaweza kupewa faini ya papo hapo ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Jambo likifika mahakamani, faini haina kikomo, pointi ni kati ya 6 na 8, na hakimu anaweza kumzuia mtu kuendesha kwa muda. Mwenye gari aliyeruhusu naye anaweza kufikishwa huko. Polisi wana uwezo wa kulichukua gari lenyewe. Na yeyote aliyepita mtihani wa udereva hapa chini ya miaka 2 iliyopita, pointi 6 zinatosha kumfutia leseni aanze upya kama mwanafunzi. Tuwafikirie vijana wetu na wageni wetu: wangapi kati yao wamepita mtihani mwaka huu au mwaka jana?

Wapo wanaosema, "Bima yangu inaniruhusu kuendesha gari la mtu mwingine." Inawezekana. Baadhi ya mikataba ina kipengele hicho, lakini kimepungua sana, na pale kilipo huwa ni ile bima ndogo, yaani inamlipa uliyemgonga tu. Gari la rafiki yako likipondeka, hailipi hata taa. Mara nyingi kipengele hicho ni cha mwenye mkataba peke yake, hakimhusu mume au mke aliyeongezwa jina. Tusikisie. Cheti cha bima kinasema, na kukisoma ni dakika mbili.

Lipo na jambo la kazi. Bima ya matumizi ya nyumbani, hata iliyoongezwa safari ya kwenda kazini mahali pamoja, haimtoshi mtu anayezunguka nyumba tano za wazee kwa zamu moja. Hayo huhesabiwa kuwa matumizi ya biashara, na lazima yatajwe. Watu wetu wengi wanafanya kazi hiyo hiyo, tena kwa magari ya kuazima.

Jirani ambaye hayupo kwenye mazungumzo

Tunapoazimana gari, mazungumzo huwa ya watu wawili. Mmoja ana shida, mwingine ana gari. Kila mmoja anamwamini mwenzake, na kama kukitokea hasara wanasema watamalizana kindugu. Kama wangekuwa wawili tu duniani, pengine ingetosha.

Lakini barabarani yupo mtu wa tatu. Ni mama anayevuka na gari la mtoto. Ni mzee kwenye baiskeli. Ni kijana anayerudi kazini na pikipiki. Huyu hakuwapo nje ya ukumbi tulipokabidhiana ufunguo, hakuulizwa kama anamwamini dereva wetu, na hajui kwamba sisi ni watu wa kanisa moja. Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunamfahamu tukikutana naye wodini. Mfupa wa paja uliovunjika si wiki mbili. Ni upasuaji, ni miezi ya kujifunza kutembea, ni kazi iliyosimama, ni watoto wanaohitaji kupelekwa shule na mtu mwingine. Matibabu hapa ni ya umma, lakini mshahara uliokatika hakuna wodi inayoulipa. Bima ya lazima iliwekwa kwa ajili yake yeye, wala si kwa ajili ya gari letu.

Kweli, nchi hii haimwachi mikono mitupu. Tangu mwaka 1946 kuna chombo cha makampuni ya bima, Motor Insurers' Bureau, kinachowafidia waliogongwa na madereva wasio na bima. Lakini fedha zake zinatoka wapi? Zinatoka kwa makampuni, nayo huzikusanya katika ada za kila mwenye bima. Maana yake, tulichokwepa sisi kinalipwa na jirani aliyelipa kwa uaminifu. Na mara nyingi kilicholipwa hudaiwa tena kwa aliyeendesha, na pengine kwa aliyeruhusu. Deni la namna hiyo linaweza kuizidi nyumba.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka paa lake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tuangalie agizo hilo lilivyo. Halimwulizi mwenye nyumba kama ana nia njema. Halimwulizi kama wageni wake ni watu makini. Linamtaka afikirie mtu ambaye bado hajaanguka, na ajenge kabla. Bima ni ukuta wa paa letu la siku hizi. Upendo kwa rafiki anayeshika usukani haumfuti jirani aliye mbele ya gari.

"Undugu hauna karatasi"

Tunalijua pingamizi, maana tumelisikia na linatoka kwa watu tunaowaheshimu. Wanasema: haya ni mambo ya Kizungu. Kwetu mtu akiwa na shida unampa, humfanyii mahojiano. Ukianza kudai vyeti na sahihi, undugu umekwisha na imebaki ofisi.

Ndani ya maneno hayo kuna ukweli tusioutupa. Ushirika ambao kila tendo jema lina fomu yake utapoa, na sisi tulio mbali na wazazi na shangazi zetu hatuna joto lingine la kukimbilia. Wapo pia watu wanaotumia bima kama kisingizio cha uchoyo. Hao wanajijua.

Hata hivyo, tutazame kimya kile kinamlinda nani. Anayeazima ndiye mwenye shida. Amekuja miezi sita iliyopita, kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na akikosa zamu anaogopa kupoteza kila kitu. Mtu kama huyo hawezi kusimama mbele ya mzee aliyemnyooshea ufunguo na kusema, "Samahani baba, lakini jina langu limo kwenye bima?" Ataona ni utovu wa adabu. Atashukuru, ataendesha, na likitokea la kutokea, yeye ndiye atakayepata pointi, na hukumu ya mahakama ataitaja siku ya kuomba uraia. Kimya chetu kilionekana kama heshima, kumbe tulimwachia aliye dhaifu zaidi auinue mzigo wa kuuliza. Ndiyo maana tunasema aanze mwenye gari. Aliye na nafasi kubwa afungue mdomo kwanza, ili aliye na nafasi ndogo asilazimike.

Na je, kuuliza ni kumshuku mtu? Sisi wauguzi tunamwuliza mgonjwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa kila tunapompa dawa. Tunamwuliza hata kama tumemhudumia wiki tatu na tunawajua wajukuu zake. Kabla ya kumwongezea damu tunakagua upya, kitandani pake, kila kitu kilichoandikwa kwenye mfuko na kwenye mkono wake. Hakuna mgonjwa mwenye akili timamu anayeona tumemdharau. Anaelewa kwamba swali lile linamlinda yeye, na linamlinda mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye dawa ile ni yake. Swali linalomwuliza kila mtu halimtukani mtu yeyote. Linalouma ni lile linaloulizwa kwa baadhi na kusamehewa wengine. Basi tuulizane wote, mchungaji na mgeni, shemeji na jirani, mpaka iwe kawaida.

Gari likiumia, nani alipe?

Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Urafiki mwingi tuliouona ukivunjika katika mambo ya magari haukuvunjwa na ajali yenyewe. Ulivunjwa na wiki zilizofuata, wakati kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aseme atalipa.

Torati haikuona aibu kuligusa jambo hili. Kutoka 22:14-15 inazungumzia mtu aliyeazima mnyama wa mwenzake. Mnyama akiumia au akifa mwenyewe akiwa hayupo, aliyeazima atalipa. Mwenyewe akiwa pamoja naye, aliyeazima halipi. Na kama ni mnyama wa kukodi, hasara imo ndani ya ile ada ya kukodi. Tunaona hapo hekima ya aina mbili. Kwanza, kanuni iliwekwa kabla mnyama hajafa, wakati majirani bado wanasalimiana vizuri. Pili, kuazima na kukodi havikuchanganywa.

Tuyalete kwetu. Anayechangia mafuta aliyoyatumia amefanya uungwana. Lakini mwenye gari akianza kutoza pauni kadhaa kwa siku, ameshakodisha, na bima ya gari binafsi kwa kawaida haihusu kukodisha. Halafu kuna gharama ambazo hazionekani siku ya ajali. Kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hulipa mfukoni kabla kampuni haijatoa chochote. Punguzo la miaka bila madai, ambalo mtu amelijenga kwa muda mrefu na linaweza kushuka kwa ajali asiyoisababisha yeye. Siku za kutokuwa na gari. Mali bila daftari huisha bila habari. Haya yakisemwa mapema, kwa upole, kila mtu anajua anachokibeba.

Anayeazima naye asijifiche nyuma ya shida yake. Katika 2 Wafalme 6 yumo mtu aliyekuwa akikata mti, chuma cha shoka kikazama mtoni. Alichokililia ni kwamba shoka lile halikuwa lake, lilikuwa la kuazima. Hiyo ndiyo dhamiri ya mwazimaji mwema: cha mwenzake kinamuuma kuliko chake.

Baada ya hapo ndipo tunaweza kuzungumza juu ya kusamehe. Paulo alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, alisema deni lolote lihesabiwe juu yake, na akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Huo ni upendo mkubwa, na una hesabu ndani yake. Mwenye gari anaweza kumwambia mwenzake, "Likiharibika, nimekusamehe." Ni zawadi ya kweli kama anajua ukubwa wa anachokisamehe. Asiyejua anatoa ahadi ambayo huenda akaivunja siku hesabu itakapoletwa. Na lipo deni ambalo hana uwezo wa kulisamehe hata akitaka, yaani la yule wa tatu.

Jina la kusaidiana

Tuguse kidogo jambo linalofanyika kwa nia ya kusaidia. Bima ya dereva mgeni au kijana ni ghali sana. Kwa hiyo mzee mwenye punguzo la miaka mingi anaandikishwa kuwa dereva mkuu wa gari ambalo halipandi hata kwa mwezi mara moja, na kijana anatajwa kama dereva wa ziada. Watu huona ni busara. Kampuni za bima huona ni udanganyifu, na sheria ya mwaka 2012 inamtaka anayekata bima awe mwangalifu asitoe maelezo ya uongo. Ikigundulika, kampuni inaweza kuuvunja mkataba na kukataa kulipia gari. Tena aliyekwisha kuvunjiwa mkataba huandamwa na historia hiyo kila anapotafuta bima nyingine. Hata pasipo kugundulika, tumemfundisha kijana wetu kwamba neno lake kwa wageni si lazima liwe kweli kama bei ni kubwa. Hilo ni ghali kuliko bima.

Kabla ya kutoa ufunguo

Haya si ushauri wa mwanasheria, na kila mkataba una maneno yake. Ila tunaomba familia zetu ziwe na desturi hii.

Mwenye gari auulize mwenyewe: jina lako limo? Kama halimo, zipo njia mbili za kawaida. Anaweza kuiomba kampuni yake imwongeze mwenzake jina kwa muda. Au anayeazima akate bima ya muda kwa jina lake mwenyewe. Zinauzwa kwenye simu kwa saa, kwa siku au kwa wiki chache, na kwa kawaida ajali ikitokea punguzo la mwenye gari haliguswi. Waisome cheti pamoja kabla gari halijaondoka.

Leseni nayo iulizwe. Mwenye leseni ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anaweza kuendesha hapa kwa miezi 12 tangu aanze kuishi nchini. Baada ya hapo lazima afanye mtihani wa huku, na bima aliyokata kwa leseni isiyofaa tena haitamfaa. Si kampuni zote za bima ya muda zinazomkubali mwenye leseni ya nje, kwa hiyo aangalie mapema, asingoje usiku wa msiba.

Safari itajwe ilivyo. Kama ni ya kazi ya kuzungukia wazee, isemwe hivyo.

Na kama bima haikupatikana, au bei yake imemshinda mwenzetu, bado upendo una mahali pa kupita. Tukumbuke lile la Torati, la mwenyewe kuwapo pamoja na mali yake. Tumwendeshe wenyewe. Asiye na nafasi ya kumwendesha amchangie nauli au ile bima ya siku moja, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko tunachotoa kwenye sherehe. Asiyeweza lolote aseme "hapana" waziwazi, na aliyeambiwa aipokee bila kununa. Hapana iliyosemwa kwa upole inaacha undugu mzima.

Sisi viongozi wa walei tutakuwa kwenye meza ya chai baada ya ibada. Mwenye cheti cha bima asichokielewa akilete, tukisome pamoja.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote, na safari zenu ziwe salama.